Mbegu ya Chini ya Gego

Langoni tulipekuliwa kila jioni:
mifuko, viatu, pindo la aproni, hata kilemba.
Bluberi moja ikipatikana, kazi imeota mbawa.
Ila mlinzi hakuwahi kusema, "Fungua kinywa."

Nilionja moja tu, nyuma ya mstari wa tisa,
iliyopasuka, ambayo mizani isingeikubali,
na mbegu zikajibanza kwenye gego langu lililomeguka
kama wapangaji wanaokwepa kodi.
Nyumbani Barut, mbele ya kioo, nikazichokoa kwa njiti:
saba, ndogo kuliko chembe za wimbi,
kahawia kama meno yenyewe,
meno ambayo maji ya kisima yaliyapaka rangi
kabla sijajifunza kucheka na kiganja mdomoni.

Gathumbi wa kitaluni aliniambia, bila kujua kwa nini nauliza:
mbegu hii haiamki mpaka iamini
baridi kali imekuja, ikaondoka.
Baridi ya wapi, Barut?
Nikazikunja katika karatasi yenye unyevu,
Tapkigen wa buchari akaziweka kwenye friji, chini ya maini.
Siku tisini.
Nikienda kununua robo ya matumbo namuuliza,
"Wageni wangu wameamkaje?"
"Wamelala," anajibu, akinoa kisu.

Udongo wetu una magadi. Ziwa liko karibu,
huuramba usiku.
Na mche huu hutaka uchachu kama uji wa juzi.
Gikonyo, aletaye viazi kwa lori kutoka Molo,
akanishushia gunia la udongo mweusi wa kwao, akicheka:
"Wenzako hununua viazi, wewe wanunua uchafu wake."
Nikauchanganya na majani makavu ya msonobari, nikajaza kasuku,
nikazitandaza mbegu juu, bila kuzifunika.
Hizi haziwezi giza.

Wiki ya sita: viwili, kijani, vyembamba kama uzi wa soksi.
Kimoja kuku wa jirani alikidonoa akipita,
hata hakukitazama.

Sharti lilikuwa moja. Maji ya mvua tu.
Ya kisima yataugeuza majani manjano.

Januari ile mbingu ilikataa katakata.
Pipa likabaki na maji ya kina cha kiganja,
nikalitia kufuli.
Kufuli, kwa ajili ya mti wa inchi mbili.
Mchana mmoja nikamkuta Bosibori, miaka miwili na ushei,
amechuchumaa penye kasuku,
amechovya pindo la gauni kwenye kisahani cha mche,
ananyonya.
Nikainua mkono.
"Maji ya mti matamu," akasema.
Mkono ukabaki juu, hauna pa kushukia.
Mezani kikombe chake cha kisima, kimejaa.

Nilijua kisima hufanya nini kwa majani.
Nilijua kilifanya nini kwa meno, kioo hakinifichi.
Mambo mawili, kila moja na chumba chake,
na ukuta wa katikati
nimeukandika mimi.

Niliuza redio. Nikanunua pipa la pili,
nikamwomba jirani, yule wa kuku, mchirizi wa paa lake.
Mvua ilipofika, kikombe kwanza,
kasuku baadaye.

Sasa mti umenifika kiunoni, mkaidi, haujui kushukuru.
Mwaka huu umetoa vikengele vyeupe visivyolia,
kisha matunda matatu.
Mawili ndege kala.
La tatu sikuliona, ila nilimwona Bosibori
akiingia ndani upesi, midomo ameibana.

"Fungua kinywa," nikamwambia mlangoni,
na nikaisikia sauti yangu, ilivyo ya langoni.

Akafungua.
Ulimi zambarau.
Na penye pengo la mbele jino jipya linachungulia,
jeupe,
lenye mstari mmoja wa kahawia,
mwembamba kama uzi wa soksi.
Naujua ni wa mwezi gani.